Kibaba, Sado na LUKU: Safari ya Vipimo Jikoni Kingolwira

Wali wa kupalia hauna saa. Maji yakishakauka juu ya mchele na vitundu vidogo vikajitokeza, mpishi huchota makaa kutoka chini ya sufuria, akayapanga juu ya mfuniko, na kuanzia hapo kazi yote huhamia masikioni. Mchemko uliokuwa ukinguruma hunywea, ukawa mlio mwembamba kama wa mvua inayokatika juu ya bati. Mlio ukiisha, pua hupokea zamu: harufu ya nazi ikianza kuelekea kwenye utamu wa kuungua, ukoko umeshika na sufuria inatakiwa kushuka. Kiganja huwekwa karibu na ubavu wa sufuria bila kuugusa, kikapima joto la upande mmoja na la upande wa pili, kisha sufuria ikazungushwa robo. Kote huko mfuniko haujafunuliwa hata mara moja.

Mtu akisimama alfajiri kwenye vibanda vya mama lishe vya Kingolwira, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo upande wa mashariki, kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, ataiona kazi hiyo ikifanywa na watu wasioiita upimaji. Mafundi wa leo wanayo majina yake. Kifaa kinachosikia joto, unyevu, uzito au harufu huitwa kihisi. Mitaani wengi husema sensa, na aliyekumbuka Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 huuliza kwa utani kama sufuria nazo zinahesabiwa.

Utani huo haujakosea sana. Vyombo vya kupimia vimekuwa vikiingia katika majiko ya ukanda huu kwa zaidi ya karne moja na nusu, na karibu kila kimoja kililetwa na mtu wa kuhesabu: mwenye msafara, mwenye shamba, muuza mkaa, shirika la umeme, kampuni ya gesi. Aliyesimama mbele ya moto hakuwa amekiagiza. Leo wahandisi wanapohangaika kutia vihisi ndani ya majiko na masufuria, wanalikuta suala hilo likiwasubiri.

Lianzie njiani. Kabla ya reli, ukanda huu ulikuwa sehemu ya njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapa na kuukuta mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, ukiwa na kuta na malango. Wapagazi wa misafara hiyo walipika wenyewe jioni, kila kundi na mafiga yake matatu, na chakula chao kiligawiwa kwa kibaba. Mpagazi mmoja, kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, ndiyo iliyokuwa kawaida. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Tatizo ni kwamba kibaba cha soko moja hakikuwa lazima kilingane na cha soko jingine, na aliyeshika chombo ndiye aliyeamua kama kitafutwa kwa kiganja au kitaachiwa kilele.

Ndani ya chungu hapakuwa na kibaba. Maji ya ugali yalipimwa kwa jicho, unga kwa mkono, moto kwa kusogeza ukuni ndani au kuuvuta nje. Mafiga yenyewe ni chombo cha kurekebisha joto: ukuni mmoja ukitolewa nusu, moto umepungua, na mtoto wa miaka minane anaweza kufanya hivyo akiwa amembeba mdogo wake mgongoni.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Pembeni mwake yakaja mashamba ya mkonge, Tungi na Pangawe yakiwa miongoni mwa yale yanayokumbukwa hadi leo, na pamoja nayo yakaja maelfu ya vibarua kutoka mbali. Utawala wa kikoloni ulikuwa na kipande, kadi iliyohesabu siku za kazi, na shamba lilikuwa na posho, unga uliopimwa na kugawiwa. Neno posho limebaki katika Kiswahili likiwa na maana pana kuliko unga. Katika kambi za mkonge lilikuwa na uzito unaojulikana, na uzito huo uliwekwa na karani. Kama ungetosha hadi siku ya mgao mwingine lilikuwa suala la jikoni. Mpishi alilijibu kwa mbinu zake, kwa kuongeza mboga, kupunguza mlo mmoja au kuazima kwa jirani.

Mkaa ulileta kipimo kingine. Miji ilipokua baada ya Uhuru, Dar es Salaam ikitangulia, barabara ya Morogoro ikawa mfereji wa magunia. Misitu ya miombo ya mkoa huu ilichomwa kwenye matanuri ya udongo, mkaa ukasogezwa barabarani kwa baiskeli, ukapangwa kando ya lami, magunia yamefungwa vichwa kwa majani na kamba. Hapo ndipo lilipostawi gunia la lumbesa, lililojazwa hadi mdomoni kisha likajengewa kichwa juu ya mdomo. Gunia ni kipimo cha wenye fedha ya mkupuo. Wengine hununua kwa sado.

Sado linastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kopo la rangi la lita nne, na jina lake limetokana na rangi za Sadolin. Rangi ikiisha, kopo huoshwa na kuanza maisha ya pili sokoni: mahindi, maharage, dagaa, viazi, mkaa. Muuza mkaa hulijaza kwa kuegemeza vipande vikubwa ukutani mwa kopo ili katikati kubaki na nafasi tupu, juu akaweka kilele. Mnunuzi mzoefu hulitikisa. Vipande hushuka, naye huomba nyongeza. Muuzaji huongeza kiganja kimoja, mara nyingi cha chenga. Mazungumzo hayo ya sekunde 20 ni urekebishaji wa kipimo, na unafanywa na pande zote mbili mbele ya macho ya wote. Mita za kidijitali hazitoi nafasi hiyo.

Jiko lenyewe nalo lilibadilika. Nchini Kenya waandishi wa historia ya majiko hulihusisha jiko la bati na mafundi wa Kihindi waliokuja wakati wa ujenzi wa reli. Ni pipa la chuma lililokatwa, lenye tundu la hewa chini, na linapoteza joto pande zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda duniani na kuni kuanza kusemwa kama janga, wabunifu wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalikutanisha na lile la bati, likazaliwa jiko lenye kiuno chembamba na bitana ya udongo wa kuchoma ndani yake. Tanzania nayo ikapata matoleo yake, na leo karibu kila soko la mkoa wa Morogoro lina fundi bati anayeyauza.

Wabunifu walijifunza somo moja kwa gharama. Jiko lililofanya vizuri maabara kwa kuchemsha maji lilikataliwa nyumbani kwa sababu ya ugali. Kusonga ugali kunahitaji nguvu za mabega. Jiko jepesi huyumba, sufuria huhama, na bitana ya udongo hupasuka. Jiko lililobaki sokoni ni lile lenye kitako kipana na vishikio vinavyoshika sufuria za ukubwa tofauti. Hakuna kipimo cha ufanisi kilichokuwa na safu ya kuandikia mabega ya mpishi.

Kisha umeme. Hapa Morogoro ina kinaya chake. Bwawa la Kidatu, ndani ya mkoa huu, lilianza kuzalisha mwaka 1975 na kufikia megawati 204. Njia yake ya msongo mkubwa inapita Morogoro kwenda Ubungo. Kihansi ikafuata na megawati 180. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme gridini Februari 2024. Mkoa umezungukwa na mitambo, na chini ya nyaya zake watu wanapuliza makaa.

Sababu mojawapo imo ndani ya kisanduku kilichoko ukutani. Zamani mita ilikuwa na kioo na sahani iliyozunguka, na msoma mita alipita kila mwezi kuandika tarakimu. Katika miaka ya 1990 shirika la umeme, TANESCO, likaanza LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na lugha ya nyumbani ikabadilika. Watu hawasemi umeme umeisha. Husema luku imeisha, kwa namna ileile wanavyosema unga umeisha. Umeme ukawa kitu cha kununua kidogo kidogo kama mkaa wa sado, isipokuwa kopo halitikisiki. Kwa mteja mdogo wa kundi la D1, bei iliyopangwa mwaka 2016 ilikuwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, hadi uniti 75 kwa mwezi. Ziada ikahesabiwa kwa shilingi 350. Familia yenye taa, redio, televisheni na pasi hubaki chini ya mstari huo. Ikiongeza jiko la koili la wati 2,000 linalowaka saa moja na nusu kila siku, hilo peke yake ni uniti 90 kwa mwezi, na mstari umevukwa. Kipimo kilichowekwa kumlinda mwenye kipato kidogo kinamfanya aogope kupikia umeme.

LUKU ilitoa pia funzo la nadra kuhusu umri wa vifaa. Mita nyingi za aina hii duniani hufuata kanuni moja ya pamoja, ambamo kila tokeni ya tarakimu 20 imebeba alama ya wakati inayohesabiwa kwa dakika kuanzia mwanzo wa 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216. Kwa waliokaa mezani kuipanga, miaka karibu 32 ilionekana mbali. Ikafika Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ilitakiwa kuingiziwa namba maalumu za kuirudisha hesabu mwanzo, la sivyo isingepokea tokeni mpya. TANESCO iliwatumia wateja makundi ya ziada ya tarakimu 20 kabla ya kundi la umeme wenyewe, na mwaka ule nyumba kwa nyumba watu walisimama mbele ya kisanduku, mmoja akisoma simu, mwingine akibonyeza vitufe, wa tatu akihimiza wasikosee. Kifaa kilichofungwa ukutani hudumu kuliko mawazo ya aliyekibuni, na anayekuja kulipa tofauti hiyo ni mwenye nyumba.

Fundi yeyote wa vifaa vya umeme ana orodha yake ya magonjwa ya jikoni. La kwanza ni umeme wenyewe, unaoshuka jioni watu wote wanapowasha na kuruka ghafla unaporudi baada ya kukatika. Ndiyo maana kuna friji gadi, kile kisanduku kinachokaa kati ya soketi na jokofu, kikikata umeme usiofaa na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu tena. Friji gadi ni kihisi halisi, na huenda ndicho kilichopokelewa kwa moyo mweupe kuliko vyote, kwa kuwa kinamtumikia aliyekinunua. La pili ni mvuke wa mafuta ya kukaangia, unaotua kwenye kila uso na kuganda na vumbi. La tatu ni mende. Ubao wa saketi ni wa joto, wa giza na hausumbuliwi, na mende hawajawahi kuona nyumba nzuri kama hiyo. Ukifungua tanuri la mikrowevu lililoacha kusikia vitufe, mara nyingi utawakuta familia nzima.

Joto lina utata wake. Watafiti wa majiko walilijua hilo walipotaka kufahamu kama majiko banifu yanayogawiwa vijijini yanatumika kweli. Kundi la Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likifanya kazi Guatemala, lilitumia kifungo cha chuma chenye upana kama wa sarafu kinachorekodi halijoto kila baada ya dakika kadhaa. Aina ya kawaida ya kifungo hicho huvumilia hadi nyuzi 85 za Selsiasi. Kikibandikwa karibu mno na moto, kinakufa. Kikiwekwa mbali, kinarekodi jua la mchana na kudai kwamba kuna mtu alipika. Kupata mahali pa kukibandika kulichukua majaribio mengi. Utafiti wa aina hiyo, hapo na kwingineko, ulionyesha jambo ambalo mpishi wa Uluguru angelisema bure: jiko jipya linatumika, na mafiga hayajaondoka. Chai kwenye hili, maharage kwenye yale. Kifungo kiliweza kusema lini jiko lilipata moto. Kwa nini siku ya Jumamosi lilikaa baridi, hakikuweza.

Kipo chombo kimoja ambacho historia yake ilikwenda kinyume. Mwaka 1955 kampuni ya Toshiba ya Japani iliingiza sokoni sufuria ya umeme ya kupikia wali. Mhandisi Yoshitada Minami aliibuni, na aliyepika wali wa majaribio siku baada ya siku, katika joto na katika baridi, ni mkewe Fumiko. Njia waliyoipata ni rahisi kama mafiga: sufuria ya ndani yenye mchele, ya nje yenye kikombe cha maji. Maji ya nje yakiisha baada ya dakika kama 20, joto hupanda juu ya nyuzi 100, kipande cha metali mbili hujikunja na kuzima swichi. Baadaye zikaja sufuria zenye sumaku chini, inayopoteza nguvu yake karibu na nyuzi 103 na kuachia springi. Ule mlio wa “tak” unaosikika wali ukiiva ndio huo. Kihisi hiki hakina kioo wala namba. Kinajibu swali moja, lilelile linaloulizwa na sikio lililoinamia sufuria ya kupalia: maji yamekwisha?

Chombo hicho kikipandishwa Uluguru, kinaonyesha ubora wake na mipaka yake. Mji wa Morogoro uko mita kama 500 juu ya bahari; vijiji vya Mgeta vinapita mita 1,000, na kilele cha Kimhandu kinafikia 2,630. Kila mita 300 za kupanda huondoa karibu nyuzi moja kwenye kiwango cha kuchemka, hivyo kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi. Kifaa kinachohesabu dakika zilizopangwa kiwandani kitatoa maharage magumu huko juu. Kinachosubiri maji yakauke hakidanganyiki, kwani hata mlimani sufuria kavu huvuka nyuzi 103. Lakini kiwekee wali wa nazi. Tui zito hutua chini, mafuta na sukari yake hushika kwenye chuma, ukoko unajijenga kati ya wali na kihisi, na sumaku huachia kabla ya wakati huku punje za juu zingali na kiini. Mpishi huibonyeza tena swichi, mara ya pili, ya tatu. Amerudi kupika kwa sikio.

Sufuria za umeme za kanieneo, zinazotangazwa sasa nchini na wadau wa nishati safi, ikiwemo taasisi ya TaTEDO, zina kihisi cha joto chini na cha kanieneo, na kwa maharage hazina mpinzani: sufuria iliyofungwa na kufunikwa kwa tabaka la kuzuia joto huyaivisha kwa chini ya uniti moja. Ukitaka kusonga ugali ndani yake, sufuria ya ndani huzunguka pamoja na mwiko, na kihisi kilichosimama kwenye springi chini yake hupoteza mguso. Wapo wanaoishika kwa kitambaa mkono mmoja na kusonga kwa mwingine. Ni somo lilelile la jiko la udongo la miaka ya 1980, likirudi na plagi.

Gesi ya mitungi imeleta kihisi cha ajabu kuliko vyote, na kimewekwa puani mwa mtumiaji. Gesi ya kupikia haina harufu. Ile harufu ya kitunguu kilichooza ni kemikali ya jamii ya merkaptani inayotiwa makusudi ili pua ijue kuna uvujaji. Desturi hiyo ilipata nguvu ya sheria Marekani baada ya Machi 18, 1937, shule ya New London, Texas, ilipolipuliwa na gesi isiyonuka na watu karibu 300, wengi wao watoto, wakafa. Pua ya binadamu inapatikana kila nyumba, haina betri na haihitaji fundi.

Morogoro si mahali pa kudharau pua. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Kihisi cha gesi cha kielektroniki, kilichotokana na ugunduzi wa Mjapani Naoyoshi Taguchi wa mwaka 1962, hutumia oksidi ya bati inayobadilisha tabia ya umeme ikiguswa na gesi. Kinafanya kazi vizuri, ila hakichagui. Mvuke wa pombe, moshi wa mafuta ya kukaanga au dawa ya mbu vinaweza kukiamsha. King’ora kikilia mara tatu kwa ajili ya samaki, mara ya nne kitachomolewa. Panya wa SUA hulipwa ndizi pale tu anapopatia, na kwa hiyo amejifunza kunyamazia harufu nyingine. Kifaa cha dukani hakina mwalimu wa namna hiyo.

Lakini kikwazo kikubwa cha gesi ni mkupuo. Mtungi wa kilo 6 au 15 hujazwa wote kwa mara moja, na mwenye kununua mkaa wa leo kwa fedha ya leo hawezi kuukaribia. Hapo ndipo kampuni ya KopaGas, iliyoanzia Tanzania, ilipofunga mita ndogo kati ya mtungi na jiko. Mteja hulipa kwa simu kiasi alicho nacho, vali inafunguka, gesi inatiririka hadi thamani aliyolipia iishe. Mita hutuma taarifa kwa mtandao wa simu, na kampuni huleta mtungi mwingine kabla huu haujakauka. Januari 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas ya Uingereza katika mkataba wa dola milioni 25, na Kenya ikaipata kwa jina la M-Gas kupitia ushirikiano na Safaricom.

Kwa jicho la historia, hiyo ni sado la gesi. Imefungua mlango ambao mtungi mzima ulikuwa umeufunga, na kwa waliopita mlango huo si jambo dogo. Kihandisi ni kazi ngumu: kifaa kinachokaa karibu na gesi hakiruhusiwi kutoa cheche, betri yake inatakiwa kudumu bila kuchajiwa, na ujumbe wake unapaswa kutoka kwenye kona ya jiko lililoezekwa bati, mahali ambapo hata simu ya mkononi huhangaika. Maswali yake ya kwanza hata hivyo ni ya kampuni: kimelipiwa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, mtungi uko wapi. Mpishi angependa kujua kama kilichobaki kitamalizia maharage yaliyoko motoni. Gramu haziongei lugha hiyo mpaka mtu azitafsiri, na kuna kazi kubwa ya ubunifu iliyolala katika tafsiri hiyo.

Wakati huohuo agizo linashuka kutoka juu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Taasisi zinazolisha watu wengi zilitangulizwa: zinazolisha zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Jeshi la Magereza, ambalo lina gereza na mashamba Kingolwira, lilisaini mwaka huo mkataba na Wakala wa Nishati Vijijini wa kubadili majiko yake nchi nzima, kwa gesi, bayogesi, mkaa mbadala na majiko banifu. Jiko la gereza ni shule nzuri kwa mbunifu. Ndani ya sufuria lake hukorogwa kilo nyingi za unga kwa mwiko mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili, na moto unaoonekana mkali kwa nyumba unaweza kuwa hafifu mno kwa chuma kipana kiasi hicho.

Mahali pengine mbunifu na mtumiaji hawakutengana hivyo. Huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1991 watafiti wa kompyuta waliochoka kushuka ngazi na kukuta birika la kahawa tupu walilielekezea kamera, picha ikawafikia mezani. Miaka miwili baadaye picha hiyo ikawekwa kwenye intaneti, na kamera haikuzimwa hadi Agosti 2001. Ilikuwa na picha ndogo, isiyo na rangi, iliyobadilika polepole. Ilidumu miaka kumi. Waliofunga kamera na waliokunywa kahawa walikuwa watu walewale.

Jioni, kando ya barabara kuu, malori ya Dar es Salaam yanapoanza kuegesha, mama lishe mmoja anataka kujua mtungi wake wa kilo 15 umebakiza nini. Mizani iko kwa wakala, mbali. Anachukua kikombe cha maji ya moto kutoka kwenye birika na kuyamwaga polepole ubavuni mwa mtungi, kutoka juu hadi chini. Kisha anashusha kiganja taratibu juu ya chuma. Palipo na gesi ya kimiminika joto la maji linanyonywa haraka na chuma kinarudi kuwa baridi. Palipo patupu kinabaki na uvuguvugu. Kiganja kinasimama, vidole vinne juu ya kitako. Anafuta mkono kwenye khanga, anatazama sufuria mbili za maharage zilizokuwa zikisubiri zamu, anaichukua moja na kuipeleka kwenye jiko la mkaa.